Dzaleka Kwenye Wikipedia, na Haki ya Anayeiandika

Mada yetu ni hakimiliki, hasa pale inapomkuta kijana anayetaka kuandika habari za kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, kwenye Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuiandika na kuihariri. Kijana huyo ana simu, ana bando la kubahatisha, ana Kiswahili pamoja na Kifaransa, Kirundi, Kinyarwanda au Chichewa, na ana jambo la kusema. Anaandika makala usiku. Asubuhi anakuta imefutwa, na mahali pake pana ujumbe mfupi kwamba maandishi yamenakiliwa kutoka tovuti fulani kinyume cha hakimiliki. Ni rahisi kukasirika na kuacha kabisa. Mimi nashikilia kwamba kanuni hiyo inayoonekana kumfukuza ndiyo inayompa nguvu, kwa sababu sheria inayolinda ripoti ya shirika kubwa inamlinda na mkimbizi anayeandika, kwa kipimo kilekile. Jambo hili halisemwi vya kutosha, na leo nataka tulipitie kwa utulivu.

Tuanze na sheria yenyewe. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza. Tangu 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, iliyopangwa kwa watu wapatao 12,000 na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini haikuukubali mzima mzima. Ibara zinazohusu mali, vyama, kazi za kitaaluma, elimu ya umma na sheria za kazi ilisema itazichukulia kama mapendekezo tu. Kuhusu ajira ya mshahara iliweka sharti. Kuhusu mahali pa kuishi ilijiwekea mamlaka ya kumpangia mkimbizi akae wapi, na uzito wa sharti hilo ulionekana Mei 2023, serikali ilipoanza kuwaondoa kwa nguvu mijini, Lilongwe ikiwemo, watu waliokuwa wameshafungua maduka na kusomesha watoto huko. Sasa ipitie orodha ya masharti hayo kwa makini: ibara ya 14 haimo. Nayo ibara ya 14 inasema kwamba katika kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi atapewa, katika nchi anamoishi, ulinzi uleule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Si ulinzi wa daraja la pili, wala wa kungoja kibali. Mkataba wa Berne kuhusu hakimiliki, ambao Malawi ni mwanachama wake tangu 1991, unatilia mkazo hilohilo: mtunzi asiye raia wa nchi yoyote mwanachama, maadamu makazi yake ya kawaida yako katika nchi mwanachama, anahesabiwa kama raia wake. Wala haki hiyo haingoji usajili. Inazaliwa pale kazi inapotungwa. Malawi ina Sheria ya Hakimiliki ya 2016, na ina COSOMA, chama kinachosimamia haki za watunzi. Mtu anayezuiwa mambo mengi katika nchi hii, katika hili hazuiwi. Akikaa chini ya mti Dzaleka akaandika kurasa tatu za historia ya soko la kambi, kurasa zile ni zake kisheria kama ambavyo ripoti ya shirika la Geneva ni ya walioitayarisha.

Pingamizi la kwanza nalisikia hata kabla sijamaliza: habari za Dzaleka ni zetu, sisi ndio tuliozipitia, iweje tukatazwe kunakili ripoti inayotuhusu sisi wenyewe? Swali lina uzito wake, kwa kuwa ni kweli kwamba sehemu kubwa ya yaliyochapishwa kuhusu kambi yameandikwa na watu waliokuja kwa siku chache na kuondoka. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kwamba kambi ilifunguliwa 1994 ni tukio, na tukio halina mmiliki. Mkataba wa Berne, katika ibara yake ya 2, unasema wazi kwamba ulinzi hauhusu habari za siku wala taarifa tupu. Kinacholindwa ni maneno aliyoyachagua mwandishi, mpangilio wake na namna alivyoijenga hoja yake. Aliyeandika ripoti hamiliki historia ya Dzaleka hata chembe; anamiliki aya zake tu. Idadi ya watu, miaka, majina ya shule na zahanati, mambo yaliyosababisha msongamano, vyote hivyo chukua bila woga, useme umevitoa wapi, kisha uvieleze kwa maneno yako. Hapo hakuna wa kukufuta.

Tatizo ni kwamba Wikipedia yenyewe ina kanuni nyingine inayomsukuma mwandishi arudi kwenye kunakili. Haikubali mtu aseme, najua kwa kuwa nilikuwepo. Inataka chanzo kilichochapishwa: gazeti, kitabu, ripoti, utafiti. Kwa hiyo mtu aliyeishi kambini miaka mingi analazimika kushika mkono wa maandishi ya mgeni ili aaminiwe kuhusu nyumba yake mwenyewe. Nakiri kwamba hapo pana dhuluma, na sitaki kuipaka rangi. Ila angalia inavyomwathiri mwandishi: kwa kuogopa kukosea, anakaa karibu mno na chanzo. Anabadilisha maneno mawili matatu, anaweka kitenzi hiki badala ya kile, mwanzo wa sentensi anaupeleka mwisho, na anadhani amemaliza. Hajamaliza, ule bado ni mwili wa sentensi ya mwenziwe uliovishwa nguo nyingine. Dawa yake inajulikana kwa kila mwalimu mzuri. Soma vyanzo vitatu au vinne kuhusu jambo moja, cha gazeti la Nation, cha gazeti la Daily Times, cha shirika, cha mtafiti wa chuo. Vifunge. Mweleze mtu aliye karibu nawe ulichoelewa, kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kawaida. Kisha andika ulichokisema, na urudi kwenye vyanzo kuhakiki tarakimu na majina. Vyanzo vikiwa vinne vinaanza kupingana, na pale vinapopingana ndipo mtu anayeishi Dzaleka anapomzidi yeyote wa mbali, kwa kuwa yeye anajua lipi la kutafutia ushahidi zaidi na lipi ni kosa la wazi.

Kwa mwandishi wa Kiswahili mtego mkubwa kuliko yote ni tafsiri. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Nyingi kati ya hizo zilianzia kwenye Kiingereza. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa hata mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania ili kuongeza makala za Kiswahili, na tafsiri ilikuwa njia iliyotegemewa. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Kutafsiri makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuingiza katika ya Kiswahili kunaruhusiwa na leseni yake, ilimradi useme katika muhtasari wa uhariri kwamba umetafsiri, na kutoka ukurasa gani, ili walioandika mwanzo wasifutike. Wengi husahau hatua hiyo ndogo, na kisheria hiyo ndiyo bei yote wanayotakiwa kulipa. Balaa linaanza pale mazoea hayo yanapohamishiwa kwenye maandishi mengine. Mtu anachukua ukurasa wa tovuti ya shirika, anaupitisha kwenye programu ya kutafsiri, anarekebisha Kiswahili chake kilichopinda, anaubandika kwenye kamusi elezo, na moyoni anaamini ameandika kitu kipya kwa kuwa hakuna neno lake hata moja linalofanana na la awali. Mkataba wa Berne, ibara ya 8, unampa mtunzi pekee haki ya kutafsiri kazi yake au kuruhusu itafsiriwe. Tafsiri bila ruhusa ni kunakili, na huwa vigumu zaidi kuigundua, kwa sababu mitambo ya kukagua maandishi hulinganisha maneno ya lugha moja. Ndiyo maana inaweza kukaa miaka, watu wakajenga juu yake, wakaongeza picha na vyanzo, hadi mhariri anayejua lugha zote mbili aigundue, na jengo lote lishuke.

Ugumu huohuo unaikuta fasihi yetu, ingawa huko muda nao una sauti. Mshairi Shaaban Robert alifariki 1962. Sheria ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kwa Tanzania muda huo ulifika mwisho 2012. Hata hivyo Wikipedia inaendeshwa kutoka Marekani, ambako sheria huhesabu muda kwa namna nyingine, mara nyingi miaka 95 tangu kazi kuchapishwa. Anayetaka kuweka diwani nzima mtandaoni aanze kwa kuuliza nchi zote mbili zinasemaje. Kuandika makala juu ya Shaaban Robert, kueleza vitabu vyake na kuvijadili, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Sasa tugeuze shilingi, kwa maana hakimiliki haina upande mmoja. Unapobonyeza kitufe cha kuchapisha kwenye Wikipedia hupotezi utunzi wako. Maandishi yanabaki yako, lakini umeupa ulimwengu mzima ruhusa ya kuyatumia chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo kamusi hii imekuwa ikiitumia tangu 2009, na toleo lake la nne tangu 2023. Leseni hiyo inataka mambo mawili kwa mtumiaji: akutaje, na akibadilisha kazi yako akaitoa, aitoe kwa masharti hayohayo. Zaidi ya hayo anaweza kuichapisha, kuiuza, kuitafsiri, kuiingiza katika filamu. Wala ruhusa hiyo hairudishwi, ukiitoa umeitoa. Hapa linakuja pingamizi la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa nini mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi popote apendapo atoe kazi yake bure, ili kampuni tajiri ziichukue, ziipitishe kwenye mitambo yao ya kujibu maswali, zipate faida, naye abaki akitafuta fedha ya bando? Wikipedia haipokei kabisa maandishi yenye sharti la kutotumika kibiashara. Anayelalamika kuhusu hilo halalamiki bure.

Jibu langu ni kwamba mwenye mali ndiye anayechagua kipi akitoe na kipi akibakize, na kuchagua kunataka kujua kwanza kwamba una mali. Makala ya kamusi kuhusu historia ya Dzaleka, shule zake, lugha zake, Tamasha la Tumaini lililoanzishwa 2014 na mshairi Menes la Plume, ni kazi ya elimu. Soko lake la kuuzwa halipo, na faida yake kwa kambi ni kwamba mtu wa Blantyre, Kigali au Toronto akitafuta habari zenu atakutana na maneno yenu. Hiyo itoeni. Lakini shairi lako, wimbo wako, filamu yako fupi, picha yako bora ambayo siku moja gazeti litailipia, hivyo visiingizwe humo kwa haraka ya kujaza ukurasa. Mpiga picha anaweza kutoa moja iliyopunguzwa ukubwa na kubaki na nyingine zote kwa haki kamili. Bendi inaweza kuruhusu sekunde chache za sauti zinazoonyesha mtindo wake na kuuza albamu. Ninachokipinga ni hali ya mtu kutoa vyote bila kujua, kwa kuwa mwendesha mafunzo alisema tu, pakieni, pakieni. Kila semina ya kufundisha uhariri inapaswa kuanza na leseni, hata kabla ya kufungua akaunti.

Na mtu asidhani kutajwa jina ni malipo hewa. Watu wa Afrika Mashariki wanaujua wimbo Malaika; umeimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na Boney M, na hadi leo kuna ubishi nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim, kwa sababu palipotakiwa kuwa na kumbukumbu pana masimulizi. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia yake: nani aliongeza sentensi ipi, siku gani, saa ngapi. Anayeandika leo kuhusu ngoma za Burundi zinazopigwa kambini, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2014, anaacha ushahidi ambao watunzi wa miaka ya sitini hawakuupata. Hata jina la kweli si lazima. Lakabu inatosha, jambo lenye maana kwa mtu ambaye ana sababu ya kutotaka aliyemkimbia ajue alipo.

Hilo linatuleta kwenye picha, ambako makosa yanaumiza watu moja kwa moja. Picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Si ya mwenye simu, si ya aliyepigwa, wala si ya aliyeitumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Picha nzuri ya lango la kambi uliyoipata mtandaoni ina mwenyewe hata kama jina lake halionekani. Video ya ngoma ina haki za aliyeirekodi na vilevile haki za waliopiga ngoma, na mmoja hawezi kumwakilisha mwingine bila kumwuliza. Ikiwa mwenye picha amekubali, basi aandike barua pepe mwenyewe kwa wahudumu wa kujitolea wa Wikimedia Commons, hazina ya picha inayotumiwa na Wikipedia, wanaopokea ruhusa, aseme ni leseni gani anaitoa. Maneno ya kwamba aliniruhusu kwa simu hayashiki. Juu ya hakimiliki kuna jambo ambalo leseni hailigusi hata kidogo, nalo ni ridhaa ya uso. Unaweza kuwa mmiliki halali wa picha ya foleni ya mgao, uliyoipiga wewe, na bado usiwe na haki ya kimaadili ya kuwaweka wanawake wale hadharani milele. Baada ya Mei 2023, picha ya muuza duka katika mtaa wa mjini, yenye jina la mtaa na tarehe, inaweza kumtia matatani. Commons huwa na huruma kwa aliyepakia akiomba ifutwe ndani ya siku saba. Baada ya hapo ombi halina uhakika, na nakala zilizokwisha kuchukuliwa na wengine hakuna wa kuzikusanya. Kwa picha za watu, subira ni bora kuliko wingi. Majengo, soko, mashamba, vyombo vya kazi, hivyo pigeni.

Wapo watakaosema haya yote ni woga wa wanasheria, hakuna atakayesafiri hadi Dowa kumshtaki mkimbizi kwa aya mbili za ripoti. Ni kweli, sitegemei kesi. Lakini hasara haingoji mahakama. Makala iliyonakiliwa hufutwa pamoja na sehemu nzuri alizoziandika mtu kwa jasho lake, akaunti hufungwa ikirudia, na wahariri wengine huanza kutilia shaka kila kinachotoka kwa kundi hilo. Lugha ndogo mtandaoni inaumia zaidi, kwa kuwa wahakiki wake ni wachache na hawana muda wa kuokoa kilicho kizuri. Kuna pia hasara ya hoja. Siku ambayo mtengeneza filamu wa nje atachukua picha za kijana wa Dzaleka azitumie bila kumtaja, kijana huyo atasimama juu ya sheria ileile, ibara ileile ya 14. Hatasimama imara ikiwa kwa miaka mitatu amekuwa akisema sheria hiyo ni ya wazungu na mashirika.

Hata hivyo sitaki mzigo wote umwangukie mwandishi, kwa sababu mlango mkubwa umefungwa na wengine, nao wanaweza kuufungua bila gharama. Mashirika yanayofanya kazi Dzaleka yana ripoti, ramani na picha za miaka 30, zilizotokana na majibu ambayo wakimbizi wenyewe waliyatoa wakiulizwa maswali milangoni pao. Nyingi zina alama ya haki zote kuhifadhiwa, zaidi kwa mazoea kuliko kwa sababu. UNESCO iliamua 2013 kwamba machapisho yake yatolewe kwa leseni huria, na tangu hapo Wikipedia imepokea aya nzima kutoka kwao bila kuvunja sheria yoyote. Shirika la Afya Duniani lilifuata 2016, ingawa leseni yake inakataza biashara, na kwa hiyo maandishi yake hayawezi kubandikwa katika kamusi hii. Tofauti hiyo ndogo ya neno moja kwenye leseni ndiyo inayoamua kama mwandishi wa Dzaleka atatumia ripoti au ataitazama tu. Kamati za jamii kambini, vyama vya vijana, walimu wa madarasa ya kompyuta, wanaweza kuandika barua kwa kila shirika wanalofanya nalo kazi na kuomba mambo mawili: ripoti zinazoihusu Dzaleka zitolewe kwa leseni ya Creative Commons inayotaka kutajwa na masharti hayohayo, bila katazo la biashara, na picha zisizoonyesha nyuso za watu ziwekwe Commons na wenye haki wenyewe. Barua hiyo haihitaji wakili. Iandikwe kwa Kiingereza, nakala yake ibaki, itajwe siku iliyopelekwa, na jibu lisomwe mbele ya watu kwenye mkutano wa jamii unaofuata.